Samaki wa Barafu si Haramu, Uongo Ndio Haramu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeumba bahari na maziwa akayajaza riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.



Kila aliyekulia Rumonge, Minago, Nyanza-Lac au Buyenzi analijua swali ambalo mama humuuliza muuzaji kabla hata ya kuuliza bei: "Samaki huyu ni wa leo?" Swali ni fupi, na jibu lake ni neno moja. Lakini neno hilo huandikwa na malaika, na juu yake huhalalika au huharamika pesa itakayotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Siku hizi swali hilo tunaliuliza pia mbele ya kioo cha supamaketi mjini Bujumbura. Mukeke na sangala wamelazwa juu ya barafu, na kikaratasi kinasema ni wabichi. Mimi niliwahi kununua sangala wa namna hiyo kwa bei ya mbichi. Nilipompasua nyumbani, ndani kabisa karibu na uti wa mgongo mnofu ulikuwa bado umeganda, na vidole vyangu vikagusa chembe za barafu. Alitoka kwenye friza, akayeyushwa, akauzwa kama aliyevuliwa usiku ule. Duka sitalitaja, kwa kuwa lengo la maneno haya si kumfedhehesha mtu. Lengo ni kuuliza: dini yetu inasema nini juu ya samaki yule?

Neema iliyotajwa kwa jina

Katika Suratun Nahl, aya ya 14, Allah (s.w.) anatukumbusha kwamba ameitiisha bahari ili tule kutoka humo nyama iliyo *tariyy*, yaani mbichi na laini. Katika Surat Fatir, aya ya 12, anataja maji ya aina mbili, matamu na ya chumvi, kisha anaeleza kwamba kutoka kila moja tunapata nyama hiyo mbichi. Basi sisi watu wa Tanganyika tumo katika aya hiyo. Ziwa letu ni la maji matamu, kina chake kinafika karibu mita 1,470, na nchi nne zinakula kutoka humo: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia.

Tazameni, ubichi wa samaki ni neema ambayo Muumba mwenyewe ameitaja. Kwa hiyo anayeuza ubichi ambao haupo anauza neema ambayo hakupewa.

Je, samaki aliyehifadhiwa ana aibu yoyote katika sharia? Hapana. Katika Suratul Maida, aya ya 96, Allah ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake. Imepokewa kutoka kwa Said bin al-Musayyib na wengineo kwamba mawindo ni yale yanayochukuliwa mabichi, na chakula chake ni kile kinachotiwa chumvi na kukaushwa kwa ajili ya safari. Na katika hadithi ya Jabir (r.a.), jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubayda bin al-Jarrah lilishikwa na njaa hadi wakala majani, kisha wakamkuta samaki mkubwa mno ametupwa ufukweni. Walimla siku nyingi, wakabeba nyama iliyobaki hadi Madina, na Mtume (s.a.w.) akala kutoka humo. Nyama ile haikuwa ya siku ile, wala haikuwa ya juzi, naye akaila.

Uadilifu unatutaka tuseme zaidi. Samaki aliyegandishwa haraka baada ya kuvuliwa, akahifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, anaweza kuwa bora kuliko yule aliyekaa juani kuanzia alfajiri hadi alasiri huku akiitwa mbichi. Friza nayo ni neema. Inamwokoa mvuvi asitupe jasho lake, na inamlisha mtu wa Gitega au Ngozi aliye mbali na ziwa.

Basi barafu haina kosa. Tatizo liko kwenye ulimi. Ndagala mkavu wa Mvugo, awe ameanikwa mchangani au kwenye vichanja, hawezi kumdanganya mtu, maana sura yake inamshuhudia. Lakini samaki wa barafu akiyeyushwa anafanana na ndugu yake aliyetoka majini asubuhi. Hapo sura imenyamaza, na shahidi pekee aliyebaki ni muuzaji. Huo ndio mtihani wake.

Mkono ulioingia ndani ya rundo

Katika Sahih Muslim, Abu Huraira (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni karibu na rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka kuna nini. Akajibu kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si miongoni mwa wafuasi wake.

Fikirini juu ya jambo hili. Mtu yule hakuileta mvua, na nafaka iliyolowa haikuwa haramu kuuzwa. Hata hakusema uongo kwa kinywa chake. Alipanga tu, kavu juu na mbichi chini. Kosa lake lilikuwa mpangilio. Sasa mchukueni samaki aliyeyeyushwa asubuhi, akafutwa maji, akalazwa kati ya mukeke waliotoka ziwani usiku ule. Kuna tofauti gani na lile rundo? Dawa yake pia ni ileile: mweke mahali pake, mwandikie kuwa ni wa barafu, na mpe bei yake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga ngamia au mbuzi asikamuliwe siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo alipewa haki ya kubaki naye au kumrudisha. Mafakihi wetu wakajenga juu ya misingi kama hii mlango wa hiari ya aibu: ukikuta katika bidhaa kasoro iliyofichwa, inayopunguza thamani yake, una haki ya kuirudisha. Kwa hiyo kumrudishia muuzaji samaki wake kwa adabu si ugomvi wala uchoyo. Ni haki aliyokupa sharia.

Inasikitisha kwamba wengine wametutangulia katika hili. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2011 inataka chakula kilichogandishwa kisha kikauzwa kimeyeyushwa kiandikwe hivyo, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Sisi tumefundishwa jambo hilo karne 14 zilizopita, na hakuna anayehitaji kutulazimisha kwa faini.

Mwezi nao ni shahidi

Ndagala na mukeke wa ziwa letu huvuliwa zaidi usiku, kwa taa. Mwanga huwavuta samaki kuja juu, na wavu huwazoa. Lakini mbalamwezi inapojaa, taa hupoteza nguvu yake, na wavuvi wengi wa taa hupumzika. Sisi Waislamu tunazijua siku hizo kwa jina lingine: Ayyamul Bidh, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu, ambazo wengi wenu mnafunga. Basi ukiwa umefunga siku nyeupe, ukaenda kutafuta kitoweo cha kufuturia, ukakuta ndagala na mukeke wamejaa tele, nao wote wanaitwa wa leo, una sababu ya kuuliza mara ya pili. Sisemi uhukumu, kwa sababu nyavu za kutega na ndoana hazisimami kwa ajili ya mwezi. Nasema uliza. Siku za uhaba bei hupanda, na bei inapopanda ndipo friza inaposhawishi zaidi.

Elimu ya kutazama pia ni sehemu ya tahadhari. Samaki mbichi macho yake yamejaa na yanang'aa, mashavu yake ndani ni mekundu, na ukimbonyeza mnofu unarudi. Aliyeyeyushwa mara nyingi macho yamefifia, mnofu umelegea na unatoa maji. Sababu ni kwamba barafu inapoganda taratibu hufanya chembe kubwa zinazopasua nyama kwa ndani, na ikiyeyuka, maji yake humwagika. Samaki huyo mpike siku hiyohiyo. Usimrudishe tena kwenye friza akiwa mbichi kama alivyo, kwani vijidudu vilivyolala kwenye baridi huamka anapoyeyuka.

Haki ya muuzaji juu yetu

Ndugu zangu, tusijifanye kwamba muuzaji peke yake ndiye mwenye deni. Mama aliyeketi na beseni lake kando ya ziwa pale Rumonge naye ana haki juu yetu. Akisema kweli, "Mwanangu, hawa ni wa jana," je, tunamlipa kwa ukweli wake, au tunamwacha tukaenda kwa jirani yake anayeapa kwa Mungu kwamba wake wote ni wa leo? Tukiwakimbia wakweli kila siku, tunawafundisha wote kusema uongo. Jarir bin Abdullah (r.a.) alimpa Mtume kiapo cha kumtakia mema kila Mwislamu. Inasimuliwa kwamba aliuziwa farasi kwa 300, akaona thamani yake ni kubwa zaidi, akampandishia mwenyewe muuzaji hadi 800. Huyo ni mnunuzi! Sisi angalau tusitake samaki wa usiku huu kwa bei ya friza.

Na tusimtuhumu kila muuzaji. Suratul Hujurat imetukataza dhana nyingi. Kuuliza si kutuhumu.

Jina letu sokoni

Uislamu ulifika kando ya ziwa hili kwa njia ya biashara, na hadi leo wengi wa wazazi wetu Rumonge na Buyenzi ni watu wa soko. Sisi ni wachache katika nchi hii. Mnajua, bila mimi kuwaeleza sana, kwamba kwa baadhi ya majirani zetu neno "Mswahili" limechukua maana ya mjanja, mtu wa maneno. Tunaweza kulalamika kwamba ni dhuluma, na mara nyingi ni dhuluma kweli. Lakini mukeke mmoja wa friza aliyeuzwa kama mbichi na mtu mwenye kofia ya kiislamu hubomoa kazi ya mihadhara mia. Na mizani moja iliyonyooka hulingania bila spika.

Nabii Shuaib (a.s.) alitumwa kwa watu ambao maovu yao yalikuwa sokoni. Katika Surat Hud aliwaambia kwamba kile anachowabakishia Allah ni bora kwao. Faida ndogo iliyobaki baada ya kusema kweli, hiyo ndiyo aliyoiita bora. Hawakumsikia, wakaangamia.

Samaki wetu sisi wanafunzi

Pengine unasema, "Mimi sina beseni wala friza." Unayo. Kazi ya kumaliza masomo iliyotolewa kwenye kompyuta ya aliyehitimu miaka mitatu iliyopita, ikabadilishwa jina na tarehe, ikawasilishwa kwa mwalimu kama jasho la mwaka huu, ni samaki aliyeyeyushwa. Simu iliyotumika inayotangazwa kwenye kundi la WhatsApp kuwa ni mpya, nayo ni samaki aliyeyeyushwa. Kutumia kazi ya mwenzako si haramu ukisema ni yake, kama samaki wa barafu alivyo halali ukisema ni wa barafu. Mwalimu anaweza asiingize mkono ndani ya rundo. Allah anajua kilicho ndani yake.

Tena kesho ninyi ndio mtakaokuwa wakaguzi wa vyakula, wahasibu, mawakili na wenye maduka. Anayezoea kuficha unyevu chini ya nafaka akiwa na miaka 20, atakapopewa ofisi ataficha makubwa zaidi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Wiki hii mtakapoulizwa, "Ni wa leo?", jibuni ilivyo, hata kama mnunuzi ataondoka.

Ee Allah, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Wabariki wavuvi wetu usiku wanapokuwa ziwani, warudishe salama kwa watoto wao, na ubariki mizani ya wauzaji wetu na ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.