Gari la Kambi Hutunzwa Siku ya Kurudi

Wanangu, siku hizi nawaona wengi wenu hapa Arusha mkitafuta Land Cruiser ya zamani, mkifunga hema juu ya keria, mkichongesha kabati la jiko nyuma, halafu safari: Natron, Eyasi, Ndutu, wengine mpaka Pangani. Jambo hili linanifurahisha kwa dhati. Kwa miaka mingi tuliwapeleka wageni kuiona nchi hii huku watoto wetu wenyewe wakiijua kwa picha za kalenda. Mzazi anayewalaza wanawe porini ndani ya gari lake, wakasikia simba akinguruma usiku, amewapa urithi ambao hakuna wa kuwanyang'anya.

Lakini maisha yangu yote ya kazi yamepita gereji, na magari hayohayo nayaona yakirudi. Nimeyaona yakiletwa kwa kamba miaka miwili tu baada ya kununuliwa kwa shangwe. Kwa hiyo nisikilizeni. Nguvu zenu zote mnaziweka siku ya kuondoka: mnapiga rangi, mnabandika taa, mnapakia. Gari la kambi linaponea au linafia siku ya kurudi.

Jumapili jioni mmefika nyumbani hoi. Watoto wamelala, kesho kuna kazi. Gari linaingia uani na vumbi lake, hema limekunjwa na umande wa alfajiri, maji yamebaki kwenye tangi, na friji bado linanyonya betri ya pili kwa ajili ya nusu pakiti ya maziwa. Linaachwa hivyo mpaka sikukuu nyingine. Hayo ndiyo maradhi yake makubwa, na hakuna fundi wa kuyatibu.

Anzeni na hema. Turubai likikunjwa bichi, siku chache tu zinatosha kuota kuvu. Yale madoa meusi hayatoki tena, harufu inaingia kwenye godoro, na nyuzi za mishono zinaanza kuoza. Mvua ya masika ikija, maji yanapita palepale penye mshono. Kesho yake ukitoka kazini lifungue, na uligeuze godoro, kwa maana unyevu wa pumzi zenu usiku kucha hukusanyika upande wake wa chini, ambako hakuna anayetazama. Liache wazi mpaka ulishike kila kona kwa mkono na kuridhika.

Kisha ingieni chini ya gari. Anayeijua barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi na kuendelea hadi Seronera anajua jinsi ile changarawe inavyojikunja mawimbi mawimbi. Mtikisiko ule hulegeza kila kitu chenye nati. Shika spana upitie za keria, za hema, za magurudumu, za shokapu, na zile yubolti zinazobana springi kwenye ekseli. Springi ambayo yubolti zake zimelegea hukatika jani moja, kisha la pili, nanyi mtadhani ni ubovu wa spea. Kros za propela shafti zipigwe grisi mpaka ile ya zamani itoke na uchafu wake. Filta ya hewa itolewe ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kutoka nje kwenda ndani, na ikichoka ibadilishwe bila mjadala. Vumbi likivuka filta, kuta za silinda husagika kidogo kidogo, na injini huanza kula oili.

Ukitoka Natron, au ufukweni Saadani na Pangani, osha chini ya gari siku hiyohiyo kama unaweza. Tope la magadi na chumvi ya bahari vikikauka ndani ya chesisi huendelea kula chuma kila unyevu unaporudi, hata kama gari limeegeshwa tu. Chesisi ina matundu pembeni: ingiza mpira wa maji humo, usiuondoe mpaka maji yatoke safi upande wa pili. Kuosha bodi peke yake ni kuwaoshea majirani.

Kukaa kuna madhara yake pia. Betri ya risasi ikijaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikifika 12.0 iko karibu tupu, na ikiachwa hivyo wiki kadhaa haitarudi kuwa ile uliyoinunua. Tairi huzeeka kwa miaka hata bila kutembea. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililotimiza miaka 10 litoe, hata kama meno yake yanang'aa. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakishakuwa na maji, mteremko mrefu huyachemsha na pedali inazama mguuni. Kila miaka miwili yabadilisheni, na mnaoteremka Ngorongoro mara kwa mara msingoje hata hiyo miaka miwili iishe.

Sasa niseme juu ya ununuzi, maana hapa ndipo wengi mnapoumizwa. Land Cruiser nyingi mnazouziwa hapa Arusha zimetoka kwenye utalii. Nyingi ziliwahi kukatwa chesisi na kurefushwa ili zibebe viti saba na paa la kuinuka. Ufundi wa mji huu katika kazi hiyo ni mkubwa na nauheshimu. Hata hivyo gari la namna hiyo limekula mawimbi ya Serengeti msimu baada ya msimu. Kabla hujatazama rangi, lala chini na tochi utafute palipoungwa. Ukiona ufa mwembamba pembeni ya weldi, au kipande kilichochomelewa juu ya kingine juzijuzi na kupakwa rangi nyeusi, mshukuru muuzaji uondoke.

Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ni mvumilivu kweli. Lakini ina mkanda wa taiming, na taa yake ya kukumbusha huwaka kila kilomita 100,000. Msiitegemee taa hiyo kwenye gari la mtumba. Saa ya kilomita inaweza kuwa imerudishwa, au taa imezimwa na mkanda wenyewe haukuguswa. Mkanda ukikatika barabarani, valvu na pistoni hugongana, na gharama yake inaweza kukusahaulisha habari ya safari kwa mwaka mzima. Nunua gari, badilisha mkanda, andika tarehe. Linganisha pia namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi kabla ya kutoa hata shilingi ya utangulizi.

Uzito nao. Mnapenda sana vitu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Dumu la lita 20 za dizeli ni kama kilo 17 bila dumu lenyewe. Ongeza hema, tairi mbili za akiba, kabati la mbao ngumu, friji, betri ya pili, mtungi wa gesi, watu wanne na masanduku yao. Nendeni kwenye kiwanda au ghala la nafaka lenye mizani ya magari, mlipie, mpime gari likiwa limepakiwa kama la safari: kwanza zima, kisha ekseli ya mbele na ya nyuma peke yake. Mlinganishe na uzito wa mwisho uliowekwa na mtengenezaji. Baadhi yenu mtashtuka. Kuongeza majani ya springi kunainua gari, ila breki, chesisi na beringi zinabaki zilezile. Juu ya keria viende vitu vyepesi tu. Maji na dizeli vikae chini, katikati ya ekseli mbili. Gari lenye mzigo juu, likikwepa punda ghafla au likipita ubavuni mwa korongo, linalala.

Na jambo hili nalisema kwa uchungu: msiingize jiko la mkaa ndani ya gari wala ndani ya hema. Kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku pale inauma mifupa. Mtu huona makaa yamebaki mekundu bila moshi, akadhani ni salama, akayaingiza awapashe watoto joto. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Nunueni blanketi nzito. Pikeni nje, na mtungi wa gesi ufungwe kwenye valvu yake kabla ya kulala, hata kama jiko limezimwa.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari, nanyi daftari hamna. Andikeni kila kinachoingia kwenye gari. Mkilimiliki watatu kwa pamoja, kila mmoja aweke kiasi chake kila mwezi, asafiri asisafiri, na mwandikiane nani anaosha na nani anakausha hema. Ndugu wamenuniana kwa sababu ya turubai bichi. Mkitaka kulikodisha kwa watalii, kamwambieni mtu wa bima kwanza. Bima iliyokatwa kwa gari la matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa siku ajali itakapotokea mgeni akiwa kwenye usukani, na hapo hata bima kubwa mliyoilipia haitawasaidia.

Wewe ambaye hujanunua bado, kodi la mwenzako siku chache, na siku ya kurudi umwombe akuachie kazi yote: kuosha, kukausha, kukaza nati, kupiga grisi. Ukimaliza ukiwa bado unalitaka, tutakwenda kulitafuta pamoja Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Uje na tochi na kipande cha gunia cha kulalia, tuanzie kwenye chesisi.