Mabati na Mashairi

Kampuni inayotengeneza mabati ya kuezekea nyumba ina kazi gani na ushairi? Mwaka 2014 Mabati Rolling Mills ya Kenya ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kuweka fedha kwenye tuzo ya fasihi ya Kiswahili: dola 15,000 zigawiwe waandishi wa riwaya na wa mashairi. Waasisi wake walikuwa Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi. Katika masharti yake mlikuwa na jambo lililonigusa kuliko kiasi cha fedha: muswada ambao haujawahi kuchapishwa ulipokelewa sawasawa na kitabu kilichotoka miaka ya karibuni.

Anayeishi na watu wanaoandika anaujua uzito wa sharti hilo. Nimewahi kushika riwaya nzima iliyoandikwa ndani ya kaunta buku, kwa kalamu ya wino wa bluu, na pembeni mwa kurasa kuna hesabu za sukari na mafuta ya taa, kwa sababu mwandishi alikuwa akiuza kwenye duka la mjomba wake huku anaandika. Aliipeleka kwa mchapishaji akaambiwa achangie gharama za uchapaji. Akarudi nayo dukani. Ilikuwa riwaya nzuri, yenye sura ya msibani ambayo hadi leo sijaisahau. Watu wa aina yake wapo Tandika, wapo Likoni, wapo Kigoma, na wala hawajajificha. Hawajasomwa tu.

Ndiyo maana kwenye tuzo ile naiangalia zaidi bodi ya wadhamini. Aliyeiongoza ni Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyefungwa na serikali ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, akayaandika mashairi ya *Sauti ya Dhiki* gerezani kwenye karatasi za chooni. Pamoja naye walikuwamo wachapishaji kama Walter Bgoya wa Dar es Salaam na Henry Chakava wa Nairobi. Mtu aliyewahi kuficha mashairi yake askari wasiyaone hahitaji kuelezwa thamani ya daftari lililochakaa. Kampuni ilitoa fedha, ikawaachia kazi ya kusoma watu wanaojua kusoma. Naona hapo ndipo penye siri, na ndipo wengi wanaposhindwa.

Tumezoea utaratibu mwingine. Kampuni inatangaza kusaka vipaji, jukwaa linajengwa, taa zinawaka, kisha mshindi anaamuliwa kwa kura za ujumbe mfupi wa simu. Binti mwenye sauti ya kukutoa machozi anashindwa na kijana ambaye ndugu zake wana uwezo wa kununua vocha nyingi. Siku ya mwisho mshindi anakabidhiwa mfano wa hundi, ule wa kadibodi unaobebwa na watu wawili, picha zinapigwa, na baada ya miezi michache hakuna anayejua yuko wapi. Mimi siuoni huo kuwa msaada kwa sanaa. Ni tangazo la biashara ambalo msanii amelifanyia kazi kwa ujira mdogo.

Au kampuni inasubiri. Msanii anahangaika miaka mingi, anarekodi kwa mkopo, anaimba kwenye harusi za majirani, na jina likishakua ndipo anaitwa kuwa balozi wa sabuni. Anastahili malipo hayo, simnyimi. Lakini tusiseme kampuni imemwibua.

Jambo hili lina historia ndefu kwetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu huku akiita wanunuzi kwa sauti ambayo baadaye ingetikisa pwani yote. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya Gramophone ya Uingereza, zile zenye nembo ya His Master's Voice. Sahani zile zilienea Afrika Mashariki, na Kiswahili kikasikika kwenye santuri kwa namna ambayo hakikuwahi kusikika kabla. Kampuni ilifanya jambo kubwa, nakiri. Ila ilipomfikia, Unguja ilikuwa imeshamjua. Aliyemtambua kabla ya hapo ni Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Ikhwani Safaa, aliyemfundisha muziki wakati hana jina wala santuri. Bila sikio la Ali Muhsin, wenye mitambo wa Bombay wangemrekodi nani?

Basi kampuni inayotaka kweli kuinua vipaji vya chini ianze kwa kuwatafuta akina Ali Muhsin wa leo na kuwalipa: mwalimu wa kwaya wa parokia, fundi wa studio ya chumba kimoja Temeke, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya kata anayesoma insha 90 kila wiki na kujua ni ipi iliyoandikwa na mtu mwenye jicho. Hao ndio wanaoijua orodha ambayo hakuna idara ya masoko inayoweza kuinunua.

Pili, mkataba. Kijana wa mtaani kwetu alipewa karatasi 11 za Kiingereza cha kisheria azisaini siku ile ile, mbele ya kamera, na ndani yake mlikuwa na kifungu kilichochukua haki za nyimbo zake zote, hata ambazo hajazitunga. Mkataba wa msanii wa Kitanzania uandikwe Kiswahili, aende nao nyumbani, ausome na mtu anayemwamini. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo; kampuni yenye mawakili inaweza kugharamia wakili mmoja wa kukaa upande wa msanii.

Tatu ni kubaki baada ya sherehe. Mwaka 2015 tuzo ile ya Mabati ilimtambua Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya *Penzi la Damu* na Mohammed Ghassani kwa diwani ya *N'na Kwetu*. Mwaka 2017 Dotto Rangimoto alishinda kwa *Mwanangu Rudi Nyumbani*, diwani iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Kitabu ambacho msomaji anaweza kukinunua kinadumu kuliko picha ya hundi. Lakini vitabu vya Kiswahili vinauzwa polepole mno, na hapo kampuni zina nafasi ambayo haijajazwa. Kiwanda kinachotoa kalenda na fulana kila Desemba kinaweza kununua nakala 500 za diwani ya mshairi mpya, kikazigawa kwenye sekondari zilizo jirani na geti lake, na mrabaha wa nakala hizo ukaingia kwenye akaunti ya mshairi kabla ya Januari, mwezi wa ada.