Bei ya Kukaa Kimya

Kila siku tunasema "sina hela", na wengi wetu hatukumbuki kwamba tunaitaja sarafu ya Mjerumani. Heller ilikuwa fedha ndogo ya koloni lake. Kuanzia mwaka 1904, hela 100 zilifanya rupia moja. Sarafu yenyewe ilishakufa, jina likabaki midomoni mwetu. Zile zilizosalia ndani ya vibweta vya wazee zina bei nyingine sasa, na bei hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa amebanwa kwelikweli. Manowari za Mwingereza zimeziba pwani, fedha kutoka kwao hazifiki. Akaanza kutengeneza sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Za hela 20 zilitoka kwenye shaba, pamoja na maganda ya risasi yaliyoyeyushwa. Za rupia 15 zilikuwa za dhahabu ya Sekenke, kule Iramba: tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, basi, kazi ikaishia hapo. Za dhahabu zilikuwa 16,000 na ushei. Za hela 20 zilipita milioni moja. Leo ya tembo huuzwa kwa maelfu ya dola katika minada ya Ulaya, na ya hela 20 iliyochakaa unaipata kwa dola chache tu. Mji mmoja, mwaka mmoja.

Utasema, "Si dhahabu hiyo, bwana!" Ni dhahabu, lakini ina gramu saba na kidogo tu, na robo yake si dhahabu. Mpelekee sonara aiyeyushe, uone kama atakupa bei ya mnadani.

Kwa hiyo ni uhaba? Nao peke yake hautoshi. Kigoda alichochonga babu yangu kiko kimoja tu duniani, na hakuna aliyewahi kukiulizia bei. Wanahitajika watu wawili wanaokitaka kitu kilekile, kila mmoja akiogopa mwenzake atamtangulia. Hapo ndipo bei inapoota mbawa. Marekani mwaka 1933 walitengeneza sarafu za dhahabu za dola 20 zipatazo 445,500. Rais Roosevelt alikuwa ameamuru wananchi wasalimishe dhahabu yao, hivyo sarafu zile hazikutolewa kwa watu; karibu zote zikayeyushwa. Moja, ambayo ndiyo pekee iliyoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi, iliuzwa mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni 7.5, na mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Dhahabu iliyomo haifiki hata aunsi moja. Kilichoipandisha ni moto uliowala ndugu zake, na matajiri wasioweza kuvumilia kuikosa.

Wao kwa wao sina ugomvi nao. Tajiri akimlangua tajiri, mimi inanihusu nini? Swali langu liko huku chini, mwanzo wa safari ya sarafu.

Nina mshikaji wangu hapa Dar, anatandaza sarafu kuukuu kwenye kitambaa, watalii wanachagua. Anazifuata mikoani. Bibi kizee anafungua kibweta: "Mjukuu wangu, hizi hela za Mjerumani zina kazi gani tena? Nipe ya sukari." Anampa ya sukari, anaongeza na ya majani ya chai, wanaagana kwa dua.

Nilipombana, alijitetea vizuri. Nauli analipa yeye. Ujuzi kautafuta yeye, na kauziwa bandia mara kadhaa akijifunza. Halafu akanipiga swali: anayenunua nyanya Lushoto humwambia mkulima bei ya Kariakoo?

Hamwambii, kweli. Lakini mkulima wa Lushoto anajua kwamba Kariakoo ipo. Anaweza kupanda basi, anaweza kumpigia simu shemeji yake akauliza. Bibi hajui kama duniani kuna mnada wa sarafu, kwa hiyo hata swali la kuuliza hana. Mshikaji wangu haishi kwa uhaba wa sarafu; anaishi kwa uhaba wa habari, na uhaba huo anaulinda mwenyewe kwa kunyamaza.

"Ukitangaza," akasema, "vibweta vyote vitafunguliwa, sarafu zitafurika, bei itaanguka. Bibi wa pili atapata nini?" Hoja hii ina uzito, nakiri. Ila ifuate mpaka mwisho: inamtaka bibi wa kwanza apunjwe ili wa pili naye apunjwe kwa bei nzuri! Na waliochimba dhahabu ile Sekenke, sijui tuwaweke upande gani wa hesabu hii. Sijaona katalogi inayowataja.

Sitaki awape wazee bei ya Ulaya, atakufa njaa. Nataka aseme sentensi moja kabla ya kutoa noti: "Bibi, hii huko mjini naiuza mara tano ya ninachokupa." Halafu anyamaze yeye, bibi aseme. Anaweza kuirudisha kibwetani. Anaweza kudai zaidi, wakavutana mpaka jua lizame. Na anaweza vilevile kusema, chukua baba, mimi sukari naitaka leo. Hapo sina neno.