Je, Yaliyopita si Ndwele?

Mama mmoja alirudi usharikani kwetu baada ya kuwa nje kwa miaka 11. Aliondoka akiwa mwanakwaya. Alivutwa na kikundi cha maombi kilichokutana nyumbani kwa mtu, na pole pole kikundi kile kikawa ndicho kanisa lake, na kiongozi wake akawa ndiye sauti ya Mungu kwake. Alipotoka huko, kiwanja alikuwa amekwisha kukiuza, na ndoa yake ilikuwa imevunjika.

Alikuja ofisini kwangu akiwa na daftari. Alikuwa ameandika humo mafundisho aliyopewa kule, moja baada ya jingine, na kando ya kila fundisho ameweka alama ya kuuliza. Alitaka tuyapitie pamoja. Mimi nikamwambia, "Mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nikamwombea, nikamweleza ratiba ya ibada za katikati ya juma, nikadhani nimetenda vema.

Lile daftari hakulileta tena. Baadaye nilisikia kwamba yeye na wenzake wawili waliotoka kule kule hukutana Jumapili jioni, wakabishana juu ya yale mafundisho mpaka usiku. Walikuwa wakiifanya bila mchungaji kazi ambayo mchungaji alikuwa ameikataa.

Tangu siku hiyo swali hili halijaniacha. Mtu aliyetoka katika mafundisho potofu, je, inampasa kuyasahau, au ana haki, na pengine hata wajibu, wa kuyajadili? Na sisi ambao hatukuwahi kuwa huko, tunawiwa nini naye?

Mfano wa kanisa lililobadili mafundisho yake

Ili tusizungumze juu ya majirani zetu kwa majina, nachukua mfano wa mbali unaojulikana wazi. Mwaka 1934, katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon huko Marekani, Herbert W. Armstrong alianza kuhubiri redioni. Kazi yake ilikua. Mwaka 1947 chuo chake kilifunguliwa Pasadena, California, na hapo pakawa makao makuu ya kanisa lililokuja kuitwa Worldwide Church of God. Gazeti lake, The Plain Truth, lilitumwa bure kwa yeyote aliyeliomba. Katikati ya miaka ya 1980 nakala zake zilihesabiwa kwa mamilioni, na posta ililifikisha hata Afrika.

Armstrong alikataa fundisho la Utatu. Alifundisha kwamba Waingereza na Wamarekani ni uzao wa makabila ya Israeli yaliyopotea. Waumini walishika Sabato na sikukuu za Agano la Kale, na wakaiacha Krismasi kama jambo la kipagani. Zaidi ya zaka ya kwanza, walitenga ya pili kwa ajili ya sikukuu, na katika miaka fulani ya tatu kwa ajili ya wajane na wahitaji. Walifundishwa kumtegemea Mungu kwa uponyaji badala ya matibabu. Aliyewahi kuachana na mwenzi wake na kufunga ndoa nyingine alitakiwa, mara nyingi, kutengana na huyo wa pili. Wengi walitazamia kwamba mwaka 1972 wangekimbizwa mahali pa usalama, na kufikia 1975 Bwana awe amerudi. Miaka hiyo ilipita kama miaka mingine.

Mwaka 1974 kanisa lile lilibadili fundisho lake juu ya ndoa. Ndugu msomaji, hebu tulia hapa kidogo. Fikiri juu ya mume na mke waliotenganishwa kwa jina la Mungu, watoto wakalelewa na mzazi mmoja, halafu siku moja wanatangaziwa kwamba haikuwa lazima. Nani atawarudishia ile miaka?

Armstrong alifariki Januari 1986. Aliyemfuata, Joseph W. Tkach, alianza kuyapima mafundisho moja moja kwa Maandiko, na tarehe 24 Desemba 1994 alihubiri huko Atlanta kwamba Mkristo yuko chini ya agano jipya, wala hafungwi na Sabato na sheria za vyakula za agano la kale. Kanisa lile likakiri Utatu. Mwaka 2009 likachukua jina la Grace Communion International. Gharama ilikuwa kubwa: waumini kwa maelfu waliondoka, mapato yakaanguka, na wachungaji wengi wakatoka na kuanzisha makanisa mengine.

Waliotoka katika misukosuko ile wameendelea kujadiliana mpaka leo, na wamegawanyika. Wapo wanaosema fundisho lilikuwa sahihi na waliokosea ni waliolibadili. Wapo waliomwona Kristo upya katika neema. Wapo waliosema kwamba ikiwa walidanganywa katika hayo, basi dini yote ni udanganyifu. Walikula meza moja kwa miaka mingi, na leo kila mmoja anamshangaa mwenzake.

Mwalimu na fundisho

Swali la kwanza wanalobishania ni hili: kosa la mwalimu linabatilisha fundisho lake?

Sisi Walutheri tuna neno la kusema hapa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 8, linafundisha kwamba sakramenti ni halali hata zikitolewa na watu waovu, kwa sababu nguvu yake yatoka kwa Kristo aliyeziweka. Lakini ibara ya 28 ya Ungamo hilo hilo inasema kwamba askofu akifundisha kinyume cha Injili, makanisa hayapaswi kumtii. Tuziweke ibara hizi mbili pamoja. Uovu wa mtu hauwezi kuifanya kweli ya Mungu kuwa uongo, na cheo cha mtu hakiwezi kuufanya uongo kuwa kweli. Kwa hiyo anayesema, "Alikuwa mtu mbaya, yote yatupwe," na anayesema, "Alikuwa mtumishi wa Mungu, yote yabaki," wamefanya kosa moja. Wote wawili wanampima mtu, wakaacha kulipima fundisho.

Kupima ni kazi ngumu, maana katika nyumba yenye paa bovu huwamo pia vyombo vizuri. Wengi waliokuwa katika kanisa la Armstrong hukumbuka kwa furaha zile siku 8 za sikukuu ya vibanda, familia zikisafiri pamoja, zikila na kuimba. Je, furaha ile nayo ilikuwa ya uongo? Sidhani. Mungu huwapa watoto wake mkate hata mahali ambapo mpishi hastahili sifa. Mtu anaweza kushukuru kwa mkate ule bila kurudi kulala chini ya paa lile.

Mtume Paulo ni kielelezo chetu. Alitoka katika Ufarisayo wa juhudi kali, na katika Wafilipi 3 anayahesabu yale aliyojivunia kuwa hasara. Lakini hakuacha kuyazungumza. Nyaraka zake zimejaa mjadala na mafundisho aliyolelewa nayo: sheria, tohara, vyakula, haki. Wala hakumtupa Musa na manabii kwa sababu alisomeshwa Maandiko hayo na Mafarisayo. Kama wazee wa Antiokia wangemwambia, "Ndugu, yaliyopita si ndwele," leo tusingekuwa na Waraka kwa Wagalatia.

Aliyedanganywa naye akamvuta mwingine

Swali la pili linauma zaidi. Aliyedanganywa mara nyingi hakudanganywa peke yake. Alimleta rafiki, alimlea mtoto katika fundisho lile, alimsema vibaya jirani aliyekataa. Yule mchungaji aliyewaambia mume na mke watengane, naye aliamini. Je, ana hatia?

Wepesi wetu ni kusema, "Hukujua, Mungu amekusamehe." Ni kweli, tena ni Injili. Lakini Paulo, akiandika katika 1 Timotheo 1, anasema kwamba alitenda kwa kutojua, na bado anayataja matendo yake kwa majina: alitukana, alitesa watu. Rehema haikumfanya apunguze hesabu. Mtu anayetaka kuzungumza juu ya yale aliyoyafanya kule huenda hatafuti ugomvi. Huenda anatafuta mahali pa kutubu, nasi tunamfungia mlango kwa methali.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la wengine tu. Katika karne ya 16, Waanabatisti waliteswa, na wengine kuuawa, katika nchi za Kilutheri pia, na viongozi wetu wa kwanza walitetea jambo hilo. Mwaka 2010, katika mkutano wake mkuu mjini Stuttgart, Ujerumani, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliomba msamaha kwa Mungu na kwa ndugu zetu Wamenoni, ambao ni warithi wa watu wale. Karibu miaka 500 ilikuwa imepita, na ndwele bado ilikuwapo. Haikupona kwa kunyamaziwa. Leo Mlutheri anaweza kumtazama machoni jirani yake Mmenoni wa Musoma kwa sababu walikuwapo watu waliofungua vitabu vya zamani na kusema wazi: hapa tulikosea.

Hatari ya kukaa mlangoni

Sitaki kusema kwamba kila mjadala ni mwema. Mtu anaweza kutoka katika nyumba kisha akajenga kibanda mlangoni pake, akae hapo maisha yote akiirushia mawe. Huyo bado anaongozwa na mwalimu wake wa zamani, maana mwalimu ndiye anayempa la kusema kila siku. Mwingine hutoka kwa mwalimu mmoja na kumkimbilia mwingine mwenye sauti ile ile. Jina limebadilika na kamba ni moja.

Kipimo kimoja kimenisaidia. Je, katika kujadili kwake, mtu huyu anaweza kujiuliza yeye mwenyewe swali analowauliza wengine? Je, anaweza kusema, "Hapa sijui," au, "Hapa mwenzangu ana neno"? Akiweza, mjadala wake unamponya. Asipoweza, anahitaji rafiki mvumilivu kuliko anavyohitaji hoja.

Nasi tulio ndani tujipime kwa kipimo hicho. Watu wa Beroya walisifiwa, katika Matendo 17, kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama mahubiri ya Paulo ni kweli. Walimchunguza mtume, wala hakukasirika! Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliweka swali baada ya kila amri na kila sehemu ya imani, ili mtoto aulize maana. Lakini katika madarasa yetu ya kipaimara, mara ngapi mtoto hukariri jibu bila kuruhusiwa kuwa na swali? Mtoto aliyezoea kukariri kwetu atakariri kwingine pia, siku atakapompata mwalimu mwenye sauti kubwa kuliko yangu.

Njia ya Emau

Katika Luka 24, wanafunzi wawili wanatembea kutoka Yerusalemu wakijadiliana juu ya tumaini lililovunjika. Yesu anawakaribia, akaandamana nao. Anajua yote yaliyotokea kuliko wao. Hata hivyo anauliza wanazungumza nini, na anawaacha waseme mpaka mwisho: waliyemtumaini, waliyoyaona, wasiyoyaelewa. Ndipo anawakemea kwa uzito wa mioyo yao, anawafungulia Maandiko, na mwishoni anaumega mkate. Mimi nilitaka kuanzia kwenye mkate. Nilimkaribisha mama yule Mezani pa Bwana bila kutembea naye njiani.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda kwake, nikamwomba radhi, nikamwomba tulifungue lile daftari. Tumekutana mara nyingi tangu wakati ule, pamoja na wenzake wawili. Maswali mengine tumeyajibu kwa Maandiko. Mengine nimesema sijui. Tulipofika ukurasa wa mwisho niliona hauna fundisho lolote. Umeandikwa jina la mdogo wake. Yeye ndiye aliyempeleka kule, na mdogo wake yuko huko mpaka leo. Ndipo nilipoelewa kwamba alitaka majibu ili apate la kumwambia mdogo wake.

Mzee wa kanisa, mwinjilisti, mwanakwaya mwenzangu katika imani: akija kwako mtu wa namna hii, usiharakishe kugeuza ukurasa. Kaa naye. Sikiliza kabla ya kufundisha. Yaliyo kweli, yashike pamoja naye. Yaliyo uongo, yatajeni kwa jina lake. Yaliyo dhambi, yapelekeni msalabani. Yaliyopita huacha kuwa ndwele yakishagangwa. Bwana aliyeandamana na wale wawili hajachoka kuandamana na watu wenye maswali.