Nani Shahidi wa Maumivu?



Liko swali ambalo aghalabu hatulisemi kwa ulimi, walakini twalikatia hukumu nyoyoni mwetu: mtu akisema kuwa anaumwa, na sisi hatuoni jeraha wala damu, je, yatupasa tumsadiki?

Swali hili lawahusu wagonjwa wengi, na hasa wale waliopasuliwa mgongo wa chini kwa sababu ya kisahani kilichotokeza baina ya pingili kikaubana mshipa wa fahamu. Jeraha hupona, nyuzi zikatolewa, na daktari akasema kazi imekwenda vyema. Kisha miezi hupita na mguu ungali ukiwaka moto usiku. Wengine huzukiwa na mambo ambayo hawakuwa nayo kabla: ganzi ya unyayo, michomo kama ya sindano, au unyayo usioinuka vyema wakati wa kutembea.

Mtu huyu huonekana akipita njiani kwa miguu yake, kisha msikitini akaswali juu ya kiti. Hapo ndipo minong'ono huanza. Mmoja husema: kama aweza kuja kwa miguu, mbona hawezi kusimama? Wa pili husema: amekwisha pasuliwa, basi amepona, sasa amezoea kuhudumiwa. Wa tatu, naye ndiye mwenye nia njema kuliko wenziwe, humwambia: subiri ndugu yangu, usilalamike. Twapenda kuzipima kauli hizi tatu kwa mizani ya elimu na ya uadilifu.

Ama kauli ya kwanza, yatokana na kutojua. Yuko mgonjwa ambaye njia ya uti wake wa mgongo imekuwa nyembamba. Huyo huumia akisimama wima, akapata nafuu akiketi au akiinama. Na yuko mwingine mwenye kisahani kilichotokeza, ambaye kuketi ndiko kunakomtesa zaidi. Basi mwendo wa mtu si hoja juu ya kisimamo chake. Sheria yetu imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, wala haikumweka jirani yake kuwa kadhi wa mgongo wake.

Ama kauli ya pili, yadhania kuwa kisu huondoa maradhi yote. Upasuaji huu ulienea baada ya madaktari Mixter na Barr wa Boston kuandika habari zake mwaka 1934, na tangu hapo umewafaa watu wengi. Lakini kisu huondoa kile kinachobana tu. Hakiuumbi upya mshipa uliobanwa. Mshipa ulioumia, ukijaliwa kukua tena, hukua kadiri ya milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni safari ndefu. Huenda kovu likaushika mshipa, au kisahani kikatokeza tena, au mshipa wenyewe ukawa mgonjwa, ukapeleka ubongoni habari ya moto pasipo na moto. Tafiti mbalimbali zimekadiria kuwa baina ya watu 10 na 40 katika kila 100 waliopasuliwa mgongo hubaki na maumivu.

Wala picha haikati shauri peke yake. Mwaka 1994 ilitangazwa habari ya watu 98 wasioumwa mgongo waliopigwa picha za MRI. Katika hao, 36 kwa 100 tu ndio waliokuwa na visahani vilivyo sawa kote. Picha yaweza kuonyesha kasoro pasipo na maumivu, na yaweza kuonyesha salama penye maumivu. Ndiyo maana mwaka 2020 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilisisitiza kuwa kauli ya mwenye kuumwa iheshimiwe. Wazee wetu walitangulia kulijua hili: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Huenda mtu akatuuliza: je, waongo hawapo? Wapo. Lakini na tulinganishe makosa mawili. Tukimsadiki mwongo, hasara yetu ni kiti na msaada kidogo. Tukimkadhibisha mkweli, tumemzidishia mateso, na tumemfundisha kunyamaza.

Na kunyamaza ndiko kunakotufikisha kwenye kauli ya tatu. Subira si kufunga mdomo. Nabii Ayyub alimlalamikia Mola wake dhara iliyompata, na juu ya hayo akasifiwa kwa subira. Kumweleza daktari si kukosa subira. Ni kutafuta dawa. Ziko dalili ambazo kuzificha ni hatari: ganzi ya makalioni na baina ya mapaja, mkojo kuzuilika au kutoka bila ya hiari, choo kutozuilika, na miguu yote miwili kulegea. Mwenye kuona moja ya haya aende hospitali siku ile ile, maana kuchelewa kwaweza kuacha ulemavu wa maisha. Kadhalika homa na usaha wa jeraha visingojewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aseme kweli bila ya kuzidisha wala kupunguza: wapi paumapo, tangu lini, na lipi ni jipya. Asikimbilie kisu cha pili pasipo sababu iliyobainika, maana aghalabu tamaa ya kupona hupungua kila upasuaji unaporudiwa. Aulize juu ya dawa za mishipa ya fahamu, ambazo si zile za maumivu ya kawaida, na mazoezi ya kiasi chini ya mjuzi. Wala asikubali mgongo uliopasuliwa ukanyagwe na kila ajidaiye uganga.

Basi, ndugu zetu, tumwonapo mwenzetu juu ya kiti safuni, tumsogezee nafasi, na tumuulize hali yake kwa nia ya kumsikiliza. Maumivu yake hayana shahidi ila ulimi wake. Tukiukataa ushahidi huo, atapata wapi mwingine?