Karamu ya Arusi Isipite Mfuko

Jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, lajulikana kuwa mahali ambapo maisha si ghali kama New York au California. Leseni ya ndoa hulipiwa dola 35, na kwa kawaida huanza kutumika baada ya siku 3. Kanisa nalo ladai machache: wachumba, padre au shemasi, na mashahidi wawili, tena sheria yake ya mwaka 1983 yakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Basi, deni latoka wapi?

Twaona kwamba latoka katika orodha ya wageni. Tuseme sahani moja ni dola 30: wageni 100 watakula dola 3,000, na wageni 300 dola 9,000. Hapo unafuu wenyewe hugeuka mtego, maana aliyeokoa fedha katika ukumbi hushawishika kuongeza meza.

Wako watakaouliza: je, si ubahili kumwacha jirani nje? Ukarimu ni wema, wala hatuupingi. Lakini mkarimu hutoa kilicho chake. Akopaye ili asifiwe humlipisha mwenzi wake, na labda mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Yafaa wachumba waketi pamoja, waandike kwanza fedha waliyo nayo, ndipo waandike majina. Jirani asiyepata sahani aweza kukaribishwa chai baada ya Misa. Hata kule Kana divai iliwaishia, wala Bwana hakumkemea mwenye arusi.