Mtu akinunua nyumba, amenunua nini?

Wasomaji, swali hili si la mchezo, na inchi ya Japani inatupa mfano wa kulifikiri vizuri. Hesabu ya Serkali yao ya mwaka 2023 ilionyesha nyumba 9,000,000 zisizokaliwa; katika kila nyumba mia, karibu kumi na nne ni tupu. Wanaziita akiya. Vijijini wazee wamekufa, watoto wamekwenda Tokyo na Osaka, wala hawarudi. Basi wakubwa wa miji midogo huandika orodha ya nyumba hizo, kusudi mwenyi kutaka aje aone. Mara nyingine bei ni ndogo kupita ile ya motokaa.

Sheria haimkatazi mgeni. Hata asiyekaa Japani anaweza kununua nyumba na kiwanja chake, akaandikwa kuwa mwenyewe kabisa. Lakini hati ya nyumba haimpi ruhusa ya kukaa katika inchi. Na shamba la mpunga lililo kando haliuzwi hivi hivi: shariti kamati ya kilimo ya mahali ikubali, nayo inataka kujua kama mnunuzi atalilima. Kwa nini tusiulize vile vile juu ya nyumba?

Wengine watajibu: «Nimelipa, ni yangu. Nikitaka kuifunga, naifunga.» Hata mbele ya sheria jibu hilo si kweli yote, maana tangu mwaka 2015 wakubwa wa mji wanaweza kubomoa nyumba yenyi hatari na kumdai mwenyewe gharama. Lakini mimi sifikiri sheria tu. Nyumba hizo nyingi ni za mbao. Ikikosa mtu wa kufungua madirisha, unyevu unaingia, mchwa wanakula nguzo, na kwenye baridi kali theluji inalemea paa mpaka livunjike. Tena kuna mfereji wa maji ya mpunga. Wanakijiji hutoka pamoja kuusafisha na kukata majani ya njiani, nao wengi sasa ni wazee. Mgeni akifunga mlango na kurudi kwao, nani atashika jembe lake? Mama mzee wa nyumba ya pili. Feza zilikwenda kwa muuzaji anayekaa mjini. Mama huyu hakupata kitu, ila kazi kuongezeka.

Tusimwonee mgeni, lakini. Wana wa kijiji ndio waliotangulia kufunga milango. Wengine hawakujiandikisha hata kuwa warithi, mpaka sheria ya Aprili 2024 ikawalazimisha, ikiwapa miaka mitatu.

Tena ndani ya nyumba mara nyingine imebaki butsudan, kabati ya ibada ambamo jamaa huwakumbuka wafu wao. Muuzaji mwenyi adabu humwita kwanza mtawa wa Kibudha asali, ndipo aiondoe. Mwingine anaiacha pamoja na vyombo na magodoro, na mgeni anaikuta siku ya kwanza. Kuitupa haki anayo, kwa kuwa alilipa. Asipothubutu, itamlazimu abishe hodi kwa yule yule mama mzee.